Kungoja Solo

Swali langu ni hili, na naliuliza nikiwa mtu wa gitaa la rithimu: mtu akingoja nafasi kwa miaka mingi, kule kungoja kwenyewe kunampa haki ya kuipata? Siulizi kama ana kipaji, wala kama watu watampenda. Nauliza kuhusu kungoja tu. Kukaa nyuma kidogo ya mwingine kila Jumamosi, unaujua wimbo wote, unajua hata makosa yake yatatokea wapi, na unanyamaza kwa sababu yeye ni mkubwa wako.

Methali tuliyofundishwa sote shule ya msingi inasema subira huvuta heri. Sawa. Lakini haisemi inaivuta lini, na haisemi inamvutia nani. Mimi nimeona subira ya mtu mmoja ikimvutia heri mwingine kabisa.

Bendi yetu iko Nyeri mjini, ingawa "iko" ni neno kubwa. Vyombo viko kwa chumba kimoja huko Kamakwa, sisi wenyewe tuko kila mahali. Tuko saba. Tunapiga harusi za Othaya na Mukurwe-ini, tunapiga baa za Karatina, tunapanda Nanyuki mwisho wa mwezi watu wakishalipwa, na mara mojamoja tunazunguka mlima hadi Kerugoya na Embu. Kazi yetu ni zilizopendwa: rumba ya zamani, benga ya Kikuyu, na mtu akitoa pesa tunampigia anachotaka. Mzee wa solo ana miaka 71. Kijana wa kinanda, ambaye pia ndiye anayeunganisha nyaya na kuweka video zetu kwenye intaneti, ana miaka 23. Mimi nina 46, na wenzangu wawili tumekaribiana. Rithimu nimeishika miaka 19.

Kama hujawahi kupiga gitaa, wacha nieleze rithimu ni nini. Solo ndiyo gitaa unalolisikia. Linajibizana na mwimbaji, na wimbo ukifika pale pa kucheza, ndilo linalowainua watu kutoka kwa viti. Besi unaisikia kifuani. Rithimu huisikii. Inaenda palepale, dakika sita, dakika nane, kama mtu anayekata nyasi za ng'ombe. Ikinyamaza ndiyo unagundua kulikuwa na kitu, kwa sababu ghafla solo inakuwa kama nguo iliyokosa kamba ya kuanikwa. Hakuna mtu aliyewahi kunifuata chooni kuniambia rithimu ya leo ilikuwa tamu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ile baridi ya Nyeri ambayo haina jua kwa wiki nzima, vidole vya mzee vilikataa. Vilikuwa vimeanza kukataa kitambo. Tulikuwa mazoezini. Alijaribu kuingia kwenye wimbo mara tatu, akaweka gitaa chini polepole, akasema kwa Kikuyu kwamba kuanzia sasa yeye ataimba tu, na solo achukue huyu kijana. Kijana alikuwa na gitaa lake, amejifunza mwenyewe miaka mitatu, na ukweli usemwe, anapiga. Hakuna aliyesema kitu. Mtu wa ngoma akagonga vijiti mara nne, tukaendelea. Mimi nikakata nyasi.

Sasa, watu wakisikia bendi ina mzee wa 71 na kijana wa 23, wanadhani tatizo litakuwa kati ya hao wawili. Wanasema lazima wanagombana, mmoja anataka Franco na mwingine anataka vitu vya simu. Lakini wapi! Hao wawili ndio marafiki wakubwa kwenye bendi. Kijana anamwita Guka, na mzee naye anamjibu Guka. Wanachekana viatu. Uzi ukilegea katikati ya onyesho, kijana anasema mbele ya watu, "Guka, hiyo ya tatu imeshuka," na mzee anasawazisha huku akicheka. Ningesema mimi maneno hayohayo, jukwaa lingepoa. Nakumbuka niliwahi kuyasema, tena kwa upole, kando, tukila. Mzee alinyamaza mpaka chai ikaisha.

Kwa muda mrefu nilidhani ni tabia tu, kwamba kijana ana ulimi mtamu kuliko wangu. Siku hizi naona jambo lenyewe ni la zamani kuliko sisi sote.

Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Hapewi kama kumbukumbu tu. Yeye ni yule babu amerudi, na ndiyo maana unasikia mama akimwita mtoto wake wa miaka minne "baba mkwe" na hacheki. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, anaeleza kwamba babu humwita mjukuu wake rika mwenzake. Hata vizazi vilivyopokezana utawala vilikuwa na majina mawili tu yaliyozunguka, Mwangi na Maina (wengine husema Irungu). Baba akiwa Mwangi mtoto ni Maina, na mjukuu anarudi kuwa Mwangi. Ukifuata hesabu hiyo, mzee wetu na yule kijana ni kizazi kimoja. Mimi ndiye wa upande wa pili.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Joseph Kamaru. Yule wa kwanza alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, akawa sauti ya nyumba nyingi za huku mlimani kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2018. Mjukuu wake ana jina hilohilo, Joseph Kamaru, na dunia inamjua kama KMRU. Anaishi Berlin na anafanya sanaa ya sauti ambayo babu yangu angeuliza kama redio imeharibika: mivumo, minong'ono ya mashine, mvua, ukimya. Hakuna muziki ulio mbali na benga kuliko huo. Na bado ni huyo mjukuu aliyechukua rekodi za babu, akazisafisha, akazitoa upya kwenye intaneti ili watu wazipate. Tena hakulazimika kupiga kama babu ili awe mrithi wake, na pengine ndiyo sababu iliwezekana. Alikuwa na kiti chake mwenyewe. Hakuwa akingoja cha mzee.

Hapo ndipo naona fundo lilipo. Tofauti ya miaka 48 si nzito. Tofauti ya miaka 25 ndiyo inayouma, kwa sababu huyo wa 25 ndiye anayefuata kwenye foleni. Kila ninachomwambia mzee kina maana mbili. Nikisema uzi umelegea, anasikia nasema ameisha. Nikisema apumzike wimbo mmoja, anasikia napima kaburi. Na simlaumu kwa kusikia hivyo, maana siwezi kuapa kwamba maana ya pili haikuwemo. Mtu atakayepata kitu wewe ukianguka hawezi kukuambia unayumba, hata kama anakupenda. Kwa hiyo ananyamaza, na kunyamaza huko tunakuita heshima.

Mimi nadhani si heshima. Kwenye bendi, kumrekebisha mtu ni kumhesabu bado yumo. Siku watu wanapoacha kukuambia umekosea wimbo, wanapoanza kukufunika, besi inaongezwa sauti kidogo pale unapokwama na kinanda kinaingia mapema, siku hiyo umeshatolewa, ila hujaambiwa. Tulimfanyia mzee hivyo karibu miaka miwili kabla ya ule mwezi wa saba. Tulikuwa na adabu sana. Yule kijana peke yake ndiye aliyeendelea kumwambia, na nikitazama nyuma naona ndiye aliyemwacha awe mpiga gitaa hadi siku ya mwisho.

Lakini hilo halijibu swali langu la kungoja.

Tuseme hivi. Wazee wetu wa zamani walijua kwamba kungoja kunaweza kumharibu mtu, ndiyo maana walikuwa na ituika. Kizazi kilichotawala kilikabidhi kwa kizazi kilichofuata, baada ya miaka kama 30 au 40, kwa mbuzi, kwa pombe, kwa nyimbo na ngoma zilizochukua muda mrefu. Ile iliyopaswa kufanyika miaka ya 1920 haikukamilika. Kenyatta anasema serikali ya kikoloni iliziona zile ngoma na nyimbo kuwa uchochezi, ikazipiga marufuku. Huwa nafikiria sana jambo hilo: sherehe ya kukabidhi ilikufa kwa sababu ya nyimbo zake, na sisi wenye nyimbo hatuna sherehe ya kukabidhi.

Sisemi ituika ilikuwa ya haki. Wanawake hawakuhesabiwa, na kijana mwenye akili alikaa nje ya mambo mpaka zamu ifike. Kwenye bendi mfumo kama huo ungetuua njaa. Ila ulikuwa na kitu kimoja ambacho sisi hatuna: kila mtu alijua zamu iko. Mtu alingoja akijua anangoja nini. Kungoja kwa namna hiyo ni kazi kama kazi nyingine, una mwanzo na mwisho, unaweza kujipanga. Kungoja bila tarehe ni kitu tofauti kabisa, ingawa Kiswahili kimevipa neno moja.

Ukiangalia bendi zilizodumu utaona nyingi zilipata tarehe kutoka nje. Maroon Commandos, iliyoanza mwaka 1970, ni bendi ya jeshi la Kenya, na jeshi lina vyeo na lina kustaafu, kwa hiyo nani mkubwa si swali la kujadiliwa kwenye chai. Kule Dar es Salaam kuna Msondo Ngoma. Ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilishwa jina nayo inabadilishwa, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na watu wakaingia na kutoka bila bendi kufa. Muhidin Gurumo alikuwepo tangu mwanzo, akaondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, baadaye akarudi, na mwaka 2013 akatangaza mwenyewe kwamba anastaafu. Alifariki Aprili 2014. Nampenda Gurumo kwa sauti, lakini nampenda zaidi kwa kule kutangaza. Alisimama akasema.

Bendi zetu za huku mlimani kwa kawaida ni za mtu. Zina jina lake, gari lake, vyombo vyake. Mwaka 1993 Joseph Kamaru alipotangaza kwamba ameokoka na hataimba tena nyimbo za dunia, aliivunja Kamaru Super Stars na kuanza kundi la nyimbo za injili. Imani ya mtu ni yake na sina la kuhoji hapo, na angalau alisema wazi, kila mtu akasikia. Ninachofikiria ni wale waliokuwa nyuma yake. Bendi ya mtu mmoja ikigeuka, inageuka na wote, hata yule aliyekuwa anahesabu miaka. Mwenye jina ana haki ya kuacha. Je, aliye nyuma ana haki gani?

Nilimwuliza mzee. Si siku ileile, nilingoja (tena!) kama wiki tatu. Tulikuwa tunarudi kutoka Naro Moru kwenye matatu ya kukodi, wengine wamelala, spika zimefungwa juu. Nikamwambia, "Mzee, unajua nimekaa hapo nyuma miaka 19. Na unajua nilikuambia zaidi ya mara moja nataka solo." Hakukataa. Akasema, "Najua." Kisha akasema, "Sasa wewe ukitoka kwa rithimu, ni nani atashika wimbo?"

Nimeligeuza jibu hilo huku na huku. Kimuziki ni kweli tupu. Tuna watu watatu wanaoweza kupiga solo ya kutosha. Mtu wa kushika wimbo dakika nane bila kukimbia, akimsubiri mwimbaji aliyesahau ubeti, ni mimi tu. Kwa hiyo nilinyimwa nafasi kwa sababu niliifanya kazi yangu vizuri. Kuna sifa ndani yake, na kuna kifungo. Kila mwenye kazi anaijua hali hii: karani asiyepandishwa kwa sababu ofisi itaanguka, binti anayebaki kumtunza mama kwa sababu anajua dawa zote.

Na kuna hoja nyingine upande wa mzee ambayo lazima niiseme, maana mimi ndiye mlalamishi hapa na hakimu pia. Mama anayeuza viazi Karatina, aliyeamka saa tisa usiku, akafunga kibanda, akalipa kiingilio ili acheze, hanidai historia yangu. Hajui nimengoja. Hata akijua, haimhusu. Anataka ile solo imwinue kitini, na kijana anamwinua kuliko nitakavyomwinua mimi. Tukigawa viti kwa miaka ya kungoja, yeye ndiye atakayelipa deni letu. Hilo nakubali bila kupunguza neno. Kungoja hakunipi haki ya solo.

Kunanipa haki gani basi? Naona kunanipa haki ya kujua. Mzee alijua, kwa kauli yake, kwamba hatawahi kunitoa kwenye rithimu. Nikamwuliza alijua tangu lini. Akahesabu kwa vidole, vilevile vinavyouma, akasema labda miaka kumi. Miaka kumi nilikuwa nakwenda nyumbani usiku nafanya mazoezi ya kiti ambacho kilishaamuliwa. Ningejua, pengine ningebaki. Pengine ningehamia bendi nyingine, au ningekubali rithimu kama kazi yangu kamili na kuipenda bila kuangalia mkono wa mtu. Yote matatu ni maisha ya heshima. Nililonyimwa ni kuchagua kati yake, na nilinyimwa na mtu ambaye hakuwa na ubaya wowote nami. Alinyamaza kwa sababu kusema kungeniumiza na kungemfanya azungumzie siku atakayoacha. Kama vile sisi tulivyonyamaza kuhusu nyuzi zake. Tulitendeana adabu ileile.

Kuna njia ya kuyakimbia haya yote, na mji mzima umeishaipata. Ni mugithi ya mtu mmoja: gitaa moja, kinanda kinachopiga ngoma chenyewe, maikrofoni, basi. Mwenye baa analipa mtu mmoja badala ya saba. Watu wanashikana mabega wanazunguka meza kama garimoshi, na kwa kweli inafurahisha, hata mimi nimelishika bega la mtu. Lakini huoni mzee na kijana pale. Hakuna wa kumwambia mwenzake uzi umeshuka, na mashine haizeeki wala haingoji. Kijana wetu anaweza kwenda huko kesho. Ana kinanda tayari, ana wafuasi, na Jumamosi moja angepata zaidi ya zile shilingi 2,000 tunazogawana. Kila akibaki wiki nyingine, najua kuna kitu anapata kwetu ambacho sijui kukitaja, na najua hana sababu ya kukingoja miaka 19.

Kwa hiyo Januari hii, harusi za Desemba zikiwa zimeisha na pesa ya nyuzi mpya imepatikana, niliwaomba tukae, kila mtu aseme anafikiri atashika chombo chake hadi lini na baada ya hapo anataka nini. Mtu wa ngoma akacheka, ati nimeleta siasa, kwani tunapiga kura? Wa besi akasema ana mtoto anaingia sekondari, hawezi kuahidi kitu. Mzee alinyamaza kidogo, halafu akasema ataimba hadi Desemba, na baada ya hapo tukimwita kwa harusi za watu anaowajua atakuja, asilipwe kama sisi, apewe nauli na nyama. Kijana akasema miaka miwili. Alisema haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni, na nikamwona mzee akimtazama na kutikisa kichwa taratibu, bila hasira.

Ilipofika zamu yangu nikasema rithimu naishika, sina mahali pa kuipeleka. Lakini nataka nyimbo nne kila usiku nipige solo, na kijana anishikie rithimu, aijue, maana miaka miwili si mingi na mimi pia nina vidole. Kijana akauliza ni nyimbo zipi. Nikazitaja. Mzee akakataa ya tatu, akasema hiyo ni ya haraka sana kwangu, itanishinda pale kati. Aliniambia hivyo waziwazi, mbele ya wote. Nikamwambia tuijaribu kwanza. Tukawasha ampu.